Sweta la Mizani Nane

Mimi sina tabia ya kujisifu, lakini ukweli lazima usemwe na mtu, na kama hakuna mwingine wa kuusema nitausema mwenyewe: kuanzia Kirua Vunjo hadi kule chini Himo, hakuna mfumaji wa sweta anayenifikia. Miaka thelathini na miwili nimevalisha watoto wa shule. Ukikutana na mwanafunzi asubuhi ya Julai, ukungu umelala juu ya migomba, na sweta lake halijalegea shingoni wala kuachia kwapani, usijisumbue kumuuliza limetoka wapi. Limetoka kwangu, kwa Dominika.

Shule niliishia darasa la saba, hilo silifichi. Lakini la saba la enzi zetu halikuwa la mchezo. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na kitabu cha tenzi za kale kilichokwisha jalada, na alitusimamisha mstari mmoja tuzighani huku tukihesabu mizani kwa vidole. Nyumbani tulisema Kichagga, shuleni tukapewa maneno ya watu wa pwani ambao hatukuwahi kuwaona, na wenzangu wengi waliyatema njiani kabla hawajafika kwao. Mimi niliyameza. Hadi leo nikifuma sihesabu vitanzi moja, mbili, tatu kama wafumaji wengine. Nahesabu kwa beti, na sijawahi kukosea.

Binti yangu Pamela alirithi ugonjwa huo, akaupeleka mpaka chuo kikuu. Sasa anafundisha fasihi katika sekondari moja mjini Moshi. Mwezi wa sita alipanda nyumbani na habari: walimu wa fasihi kutoka mikoa mbalimbali watakutana Moshi mwishoni mwa Julai, na yeye ameombwa aghani utenzi alioutunga mwenyewe. Wageni watatoka Tanga, Pangani, hata Unguja.

"Mbele ya wenyewe?" akauliza baba yake, Filemon. "Mwanangu, hiyo ni sawa na mtu wa Unguja aje kutuuzia ndizi Kirua."

"Kama ndizi zake ni nzuri, Baba, utanunua."

Nilicheka, nikasema hapo hapo kwamba sweta la siku hiyo nitalifuma mimi. Pamela akakoroga chai yake ambayo sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani.

"Sawa, Mama. Ila liwe la kunikaa mwilini. Lisiwe la shule."

Neno hilo liliniingia, kwa sababu nililijua lilikotoka. Alipoanza kidato cha kwanza nilimfumia sweta ambalo angelivaa mpaka kidato cha nne, kama kila mama wa huku mlimani anavyotaka. Wenzake wakambatiza jina, wakamwita Gunia. Sikujua lolote mpaka siku niliyopita shuleni kwao nikamkuta amejikunyata ukutani na shati tupu, sweta limekunjwa ndani ya mkoba. Akaniambia anaona joto. Joto, Kirua, mwezi wa saba! Sikumchapa wala sikumsema. Nilirudi nyumbani nikaketi jikoni nikalia, maana mtoto alikuwa ameona heri atetemeke kuliko kuonekana na kazi ya mikono yangu.

Kwa hiyo sasa mnajua nilichokuwa nakitafuta. Nilitaka mwanangu asimame mbele ya wasomi wale, kazi yangu iko mwilini mwake, haikufunikwa na chochote, na asione haya.

Nikaamua sweta lenyewe liwe utenzi. Msicheke. Utenzi una sheria nne tu ambazo hata mbuzi wangu angezielewa kama angekaa darasani na mwalimu yule. Ubeti una mishororo minne. Kila mshororo una mizani nane. Mishororo mitatu ya kwanza inaishia kwa kina kimoja, na kina hicho hubadilika ubeti hadi ubeti. Mshororo wa nne una kina chake, na hicho hakibadiliki tangu mwanzo wa utenzi hadi mwisho. Wenyewe wanakiita bahari. Basi nikachukua uzi wa rangi ya maziwa. Nikafuma vitanzi saba vya maziwa na cha nane cha rangi, saba na cha nane, mpaka mwisho wa safu. Safu tatu cha nane ni chekundu kama kahawa iliyoiva. Ubeti unaofuata ni kijani cha jani la mgomba. Unaofuata ni kahawia. Lakini kila safu ya nne, cha nane ni buluu. Buluu ile ile, tangu pindo hadi shingoni. Bahari yenyewe sijawahi kuiona, lakini buluu niliichagua kwa makini.

Nilifuma kwa mkono, kwa sindano namba nne. Mashine ya kufumia niliiacha imefunikwa kitambaa, maana hiyo ni ya masweta ya shule. Kufikia Julai katikati nilikuwa nimemaliza. Nililitandika kitandani, nikamwita Filemon aje alione. Akasimama mlangoni na mundu wa kukatia majani ya ng'ombe mkononi.

"Mama Pamela," akasema, "hili hata kama halisomeki, linaimba."

Mume wangu hasifii ovyo. Siku hiyo nilimpikia mtori wenye nyama ya mbavu.

Jumamosi moja kabla ya mkutano, Pamela akaja kujaribu. Akalivaa. Akajitazama kwenye kioo cha kabati, akageuka kushoto, akageuka kulia. Mikono ilimfika kwenye kucha. Mabega yalishuka. Kiunoni palikuwa na nafasi ya kutosha kuficha kuku. Alishika upande mmoja kwa vidole viwili akauvuta, na kitambaa kikaja, kikaja, kikaja.

"Mama," akasema taratibu, "umenifumia la kukulia."

Nilitaka kubisha. Nikachukua futi yangu ya kupimia, nikapima. Kifua chake ni inchi thelathini na nne. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika kwenye karatasi. Sweta lilikuwa thelathini na nane. Yesu na Maria! Miaka thelathini na miwili kila mama anayeingia mlangoni kwangu anasema neno moja: "Fundi, mwachie nafasi ya kukua." Mkono ulikwisha kuzoea. Unaandikiwa inchi thelathini na nne, wenyewe unaongeza nne bila kukuuliza, na mikono unairefusha ikunjwe mara mbili. Nilikuwa nimemfumia mwalimu wa sekondari, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, kana kwamba mwakani atavunja ungo.

Filemon alikuwa ameketi barazani, masikio yote ndani. "Mwache, labda bado anakua," akasema. "Nyie watu wa kwenu mnachelewa."

Hasira ilikuwa imenipanda mpaka kwenye nywele, na mtu pekee wa kukasirikiwa nilikuwa mimi.

"Si neno, Mama," Pamela akasema, akilivua kwa upole kupita kiasi. "Asubuhi kuna baridi. Nitavaa koti langu jeusi juu yake. Hakuna atakayeona."

Hakuna atakayeona! Heri angenitukana.

"Nalifumua," nikasema.

"Imebaki wiki moja tu."

"Nalifumua lote."

"Basi usifumue lote. Punguza pembeni tu, kiunoni, vitanzi vinne huku na vinne huku. Mafundi wote wanafanya hivyo."

"Vinne?" Hapo nilisimama. "Nikate mshororo katikati? Kifuani nitaondoa mishororo mizima, hilo sawa, kazi itabaki na mizani yake. Lakini kiuno chako ni inchi ishirini na nane. Nikipunguza pembeni, kila safu itakuwa na mshororo wa mizani nne huku, mwingine wa nne kule, kina kimepotea. Wewe mwenyewe mwanafunzi akikuletea utenzi wa namna hiyo unampa ngapi?"

"Nampa sifuri," akasema Pamela, na mdomo wake ukaanza kucheka. "Lakini yule hakunifumia sweta, Mama."

"Basi usiniombe nifanye kazi ya sifuri."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mimi natetea mizani, yeye anatetea kiuno. Filemon alisema baadaye kwamba katika maisha yake hajawahi kusikia watu wakigombania mambo ya pwani kwa Kichagga kikali namna ile. Mwishowe Pamela akachukua mkoba wake awahi gari, na alipofika kwenye mimea ya isale iliyopandwa mpakani, pale njia inapoanza kushuka, akageuka akaniita kwa sauti ya darasani.

"Mama! Watunzi wa kale, neno likiwa kubwa kuliko mizani, hawakuukata mshororo! Walilibana neno! Fikiria hilo kabla hujavunja sheria!"

Akashuka zake. Alisema vile kunichokoza, najua. Alitaka na yeye awe na neno la mwisho, na hilo amelirithi kwangu. Mimi nilibaki nimesimama pale uani na sweta begani, nikarudia alichosema. Walilibana neno. Mizani ilibaki nane. Kilichopungua ni unene.

Nikaingia ndani mbio. Chini ya mtungi wa vifungo nilikuwa na sindano nyembamba, namba mbili na nusu, ninazofumia kofia za watoto wachanga. Kitanzi cha sindano hizo ni kidogo. Vitanzi vinane vya namba nne ni upana wa vidole vitatu. Vitanzi vinane vya namba mbili na nusu ni vidole viwili na kidogo. Nikianza pindo kwa sindano nene, nikifika kiunoni nibadilishe nyembamba, nikipanda kifuani nirudi kwenye nene, sweta lingeingia kiunoni na kutoka lenyewe, na hakuna mshororo hata mmoja ambao ungepoteza mizani. Nilikaa chini nikapiga paja langu kofi. Pamela sikumpigia simu kumwambia amenipa jibu. Kichwa chake kina ukubwa wa kutosha.

Kufumua ni kazi ya nusu siku, na inauma kama kumnyoa mtoto uliyemsuka mwenyewe. Uzi uliofumuliwa hujikunja kunja. Lazima uufue, uunyooshe, uukaushe, na Julai huku kwetu kitu hakikauki. Juu ya meko ungenuka moshi. Filemon ndiye aliyeona la kufanya. Alisogeza kahawa yake upande mmoja wa kichanja, ile meza ya wavu tunayoanikia, akautandaza uzi wangu upande wa pili, na kila manyunyu yalipokuja alitoka mbio na turubai kufunika vyote viwili. Jirani mmoja alimuuliza kama mwaka huu chama cha ushirika kinapokea na sufu. Jumatatu mchana uzi ulikuwa mkavu, una harufu ya kahawa mbichi kwa mbali.

Siku nne nilifuma. Filemon alikamua, alikata majani, na alipika machalari ya ndizi yenye chumvi ya kutosha ng'ombe watatu, nikayala bila neno. Sindano nyembamba hazina huruma. Kila kitanzi unakisukuma, na kufikia Jumatano ncha za vidole vyangu viwili zilikuwa zimechubuka nikazifunga plasta. Lakini nilipokuwa pale kiunoni, beti saba nzima za vitanzi vidogo vidogo, rangi zimekaribiana mpaka nyekundu imekolea na buluu imekuwa nzito, niliona kitu ambacho sikukipanga: sehemu iliyobanwa ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Nilifurahi peke yangu kama mwizi. Na kila safu nilipima, nikaandika, nikapima tena, na mkono wangu ulipotaka kuongeza niliuambia kwa sauti, "Huyu amekwisha kukua. Mwache alivyo."

Ijumaa mchana Filemon alilipeleka mjini limefungwa ndani ya khanga. Alirudi akasema alimkuta Pamela yuko kikaoni, akaliacha kwa mlinzi wa shule. Kwa hiyo sikujua kama limemkaa. Sikujua kama atalivaa.

Jumamosi tulishuka Moshi mapema, mimi na gauni langu la kitenge, Filemon na koti la harusi za watu. Ukumbi ulijaa. Mbele yetu kabisa aliketi mzee mmoja wa Tanga, kofia iliyoshonwa kwa mkono kichwani, ambaye kila mtu alikuwa anampa shikamoo na kumwita Mwalimu. Nje kulikuwa na manyunyu. Walighani watu watatu kutoka pwani, na sitasema uongo, waliimba vizuri. Maneno yaliwatoka kama maziwa yanavyotoka kwa ng'ombe aliyetulia.

Kisha msema chochote akaita: "Mwalimu Pamela Filemon, kutoka Kirua Vunjo!"

Pamela akapanda jukwaani. Amevaa koti jeusi, limefungwa vifungo mpaka shingoni.

Sitaficha, moyo uliniuma. Filemon aliniwekea mkono juu ya mkono wangu wenye plasta, na mimi nikautoa. Nilikuwa nimeanza kutafuta njia ya kutoka nje kabla machozi hayajanifedhehesha, nikaona Pamela anasimama mbele ya maikrofoni. Akafungua kifungo cha kwanza. Akafungua cha pili. Akafungua vyote, akalivua koti, akamkabidhi msema chochote alishike, kama mtu anayeingia nyumbani kwao.

Lilimkaa. Wee! Lilimkaa kama alizaliwa nalo. Mabega yalikuwa mahali pa mabega, mikono iliishia palepale kiganja kinapoanzia, na pale kiunoni liliingia, likatoka, beti kwa beti, na vile vitanzi vya buluu vilishuka kutoka shingoni hadi pindo bila kuruka hata kimoja. Alisimama wima. Kisha akaanza:

*Mlima wenye ukungu,*
*Ndiko kuliko na kwangu,*
*Na babu na bibi yangu,*
*Huko hatuoni jua.*

Watu wakacheka kicheko kizuri, na kutoka hapo aliwashika. Sauti yake ina mlima ndani yake, haiwezi kufichika, na hakuificha. Beti ishirini, thelathini. Mzee wa Tanga alikuwa anahesabu mizani kwa vidole juu ya goti. Halafu nikaona macho yake yametoka mdomoni kwa Pamela yakashuka kwenye sweta, na vidole vikaanza upya: saba, nane, saba, nane. Akafika kwenye buluu, akasimama. Akaruka safu tatu, akakuta buluu tena. Akamwinamia mwenzake.

"Wallahi huyu kaja na tenzi mbili," akasema. "Mmoja kinywani, mmoja mwilini. Na wa mwilini hauna kosa."

Nilimpiga Filemon kiwiko mpaka akakohoa.

Watunzi wa kale walikuwa na desturi ambayo mwalimu wangu alitufundisha: ubeti wa mwisho mtunzi hujitaja. Hutaja jina lake na jina la mzazi wake, na mzazi huyo mara zote ni baba. Filemon naye alikuwa anaijua, maana amenisikia miaka yote. Pamela aliposhusha sauti kuonyesha kwamba anamaliza, mume wangu alikaa sawa, akavuta kola ya koti lake, akajiandaa kutajwa.

*Tamati nimeifika,*
*Jina langu natamka:*
*Pamela wa Dominika,*
*Mfumaji wa Kirua.*

Sikusikia makofi yakianza. Nilisikia tu jina langu limekaa ndani ya mizani yake, halikuzidi wala halikupungua, mbele ya watu wa Tanga na Pangani na Unguja. Filemon alibaki ameshika kola. Kisha akacheka, na ni yeye aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote, machozi yanamtiririka kwenye sharubu.

Mzee wa Tanga aligeuka kwenye kiti chake, akatazama huku na huku. "Dominika ndiye nani?"

Filemon akaninyooshea kidole gumba. Nikasimama. Vichwa vikageuka, safu baada ya safu, na mzee akavua kofia yake, akaishika kifuani. Pamela jukwaani alikuwa ananitazama mimi tu. Makofi yakaongezeka, nami nikasimama pale, mikono yangu yenye plasta nimeiacha wazi kila mtu aione.

Baada ya muda Filemon akaanza kunivuta gauni chini chini. "Mama Pamela, keti sasa. Inatosha."

"Niache kwanza, Baba Pamela," nikamwambia. "Wa nyuma hawajaniona."